Waliniita Dokta

Nauza dawa Gungu, Kigoma, mwaka huu ni wa kumi na moja. Duka ni la chumba kimoja, dirisha la nondo, benchi nje kwa wanaosubiri, na ukutani nimetundika kibali na cheti changu cha mafunzo ya Duka la Dawa Muhimu. Mpango wa maduka haya ulianzia Ruvuma mwaka 2003, ukaja kuchukua nafasi ya yale maduka ya dawa baridi tuliyoyakuta utotoni, na lengo lake lilikuwa jema: mtu anayeishi mbali na famasi apate dawa halali, kutoka kwa mtu aliyefundishwa japo kidogo. Mimi ndiye huyo aliyefundishwa kidogo. Nilijifunza dawa za kuuza, dawa za kutogusa, namna ya kuzitunza joto linapopanda. Tukafundishwa pia kuhusu rufaa, yaani kumwambia mgonjwa: hili si langu, nenda hospitali. Somo hilo nililiandika kwenye daftari, nikalifunga.

Wateja waliniita dokta. Mtoto akitumwa panadoli anasema, "Shikamoo dokta." Wazee wa umri wa baba yangu nao, dokta. Sikuwakatalia. Jina lilinipendeza, na ushuhuda wangu unaanzia hapo, maana mtu akiitwa dokta miaka yote hiyo hufika mahali akajitibu mwenyewe.

Jino langu liliumia nikiwa darasa la sita. Tulikuwa tunapampu maji kisimani, mpini ukaniponyoka, ukarudi kwa nguvu ukanipiga mdomoni. Jino la pili kutoka katikati, la juu, upande wa kulia, likalegea na kutoa damu. Baada ya wiki mbili likakaza. Mama akamshukuru Mungu, nami nikasahau. Mwaka uliofuata likaanza kubadilika rangi, kwanza kama limelowekwa kwenye chai, kisha kijivu. Halikuuma. Maji ya baridi, uji wa moto, muwa, mahindi ya kuchoma, halikuuma hata siku moja. Nikazoea kucheka mdomo nusu. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa watoto watatu, na jino liko palepale, kimya.

Uvimbe niliugundua mwaka 2024, kipindi kile serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Wanaoishi huku wanajua: ziwa likifungwa, Kigoma yote inafunga mkanda. Wateja walipungua, nikawa nashinda dukani na simu na kioo. Siku moja nikaona upande mmoja wa mdomo wa juu umejaa, chini kidogo ya tundu la pua, kama nimeficha punje ya haragwe kati ya fizi na mdomo. Nikagusa. Kigumu. Hakiumi.

Kwa kuwa hakiumi, nikakipa dawa ninayoijua. Nikashusha amoksilini kwenye shelfu langu mwenyewe, vile vidonge ambavyo wateja wanaviita rangi mbili, nikameza siku tano. Nikaona kama kimepungua. Mwezi uliofuata nikameza tena, safari hii pamoja na metronidazoli. Dozi ya tatu sikumbuki hata niliimeza lini. Dawa hizo zinauzwa kwa cheti cha daktari. Mimi nilikuwa nazitoa bila cheti kwa wengine, sembuse kwangu.

Haragwe likawa gololi, gololi likawa kama ndimu ndogo. Sasa nikibonyeza, mahali palipokuwa pagumu paliingia ndani na kuitika, kama unavyobonyeza ganda la yai la kuchemsha. Jino la kijivu na jirani yake yakaanza kuachana, pakawa na mwanya ambao sikuzaliwa nao. Shangazi yangu wa Ujiji alisema ni kijicho, kuna mtu amelisema duka langu. Alisoma, akanipulizia, akanikumbatia. Simlaumu shangazi. Alinipa alichonacho, nami nilitoka kwake na faraja ya kweli.

Kisha nikaelekezwa kwa bwana mmoja anayeng'oa meno nyumbani kwake. Akachoma kwa sindano. Yalitoka maji ya manjano, mepesi, na juani yalimetameta kama yana unga wa vioo. Hayakunuka. Uvimbe ukalala papo hapo, nikalipa, nikarudi Gungu nikicheka mdomo wazi. Baada ya miezi miwili ulikuwa umerudi, na umekuja na mwenzake: kaakaa nalo limevimba.

Kilichonipeleka hospitali hakikuwa uvimbe wangu. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kibirizi, fundi mitumbwi, mteja wangu wa siku nyingi. Kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa akija kwa ajili ya taya lake la chini lililokuwa linanenepa upande mmoja. Nampa rangi mbili, nampa diklofenaki kama usiku amepata maumivu, anaondoka. Mara nyingine hana hela, namwandikia. Halafu akapotea. Nikasikia wanawe wamempandisha treni kwenda Dar es Salaam.

Alirudi mwishoni mwa mwaka huohuo. Sikumtambua mpaka alipotoa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa imebadilika. Shavu limeingia ndani. Hospitalini Muhimbili walikuwa wamemtoa sehemu ya taya, kwa sababu uvimbe aliokuwa nao, ameloblastoma, hutokana na chembechembe za kutengeneza meno na hula taya polepole, bila haraka na mara nyingi bila maumivu, hadi mfupa unabaki kama kikapu. Huo ni miongoni mwa uvimbe wa taya unaoonekana sana katika hospitali zetu kubwa, na wagonjwa wengi hufika ukiwa mkubwa tayari. Unapokuwa mdogo, kinachotolewa ni kidogo.

Hakuja kunilaumu. Alikuja kulipa deni. Shilingi 4,500, za vidonge ambavyo havikumsaidia chochote. "Dokta, nisingependa kufa na haki yako," alisema, akaziweka dirishani moja moja. Nikamwambia, "Baba, acha." Akakataa. Nikazipokea, nikakaa chini kwenye kiti changu, na sikuuza kitu tena siku ile.

Asubuhi nilifunga duka, nikapanda bodaboda hadi Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Daktari wa kinywa na meno aliyenipokea alikuwa binti mdogo kuliko mimi. "Dada, tangu lini?" Nikamweleza. "Umetumia dawa gani?" Nikamtajia zote kwa majina na kwa miligramu. Akaacha kuandika, akaniangalia. "Wewe ni mtumishi wa afya?" Nikasema, "Hapana. Nauza dawa." Ulikuwa muda mrefu sana sijatamka maneno hayo.

Alichukua pamba iliyopuliziwa dawa ya ubaridi mkali, akaigusisha kwenye jino la jirani. Nikaruka kitini. Akaigusisha kwenye jino la kijivu. Nikasubiri. Kimya. Jino lilikuwa limekufa tangu siku ya kisimani: mshipa wa damu unaoingia kwenye ncha ya mzizi ulikatika, na kile kilichokuwa hai ndani kikaoza polepole bila kuniambia. Kisha akapiga picha ya eksirei, akainyanyua kwenye mwanga. Mwishoni mwa mzizi wa jino langu palikuwa na duara jeusi, limezungukwa na ukingo mwembamba mweupe, limening'inia kama tunda.

"Hii inaitwa sisti," alisema. "Ni kifuko."

Alinieleza taratibu, na nitaeleza alivyonieleza kwa sababu hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Jino linapojengwa utotoni, chembe zilizokuwa zinaunda mzizi hazimaliziki zote. Nyingine hubaki zimelala kuuzunguka mzizi maisha yote ya mtu. Mfaransa aitwaye Malassez alizieleza katika karne ya 19 na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Jino likifa, uchafu wake hupenya kwenye ncha ya mzizi na kuwasha nyama ya hapo. Chembe zilizolala zinaamka, zinazaana, zinafanya donge. Za katikati zinakosa chakula, zinakufa, panabaki uwazi wenye ngozi pande zote.

"Na maji yanatoka wapi?" niliuliza.

Aliniuliza kama nimewahi kutia migebuka ya ziwani chumvi. Nani wa Kigoma hajawahi? Ukiitia chumvi, maji yanatoka kwenye nyama kufuata chumvi. Ndani ya kifuko, mabaki ya chembe zilizokufa yanafanya kazi kama ile chumvi: yanavuta maji kutoka pembeni, kupitia ngozi ya kifuko. Kifuko kinajaa, kinasukuma, na mfupa unaosukumwa kila siku unarudi nyuma. Unabaki mwembamba kama ganda la yai, ndiyo maana uliitika nilipoubonyeza. Yale yaliyometameta juani ni fuwele za mafuta yaitwayo kolesteroli.

Basi nikaelewa sindano ya yule bwana. Alimwaga maji, akaiacha ngozi. Ngozi ikavuta maji mengine. Alifungua pia njia ya vijidudu kuingia mahali ambapo havikuwepo kwa wingi, na nilikuwa na bahati kifuko hakikugeuka jipu. Nikaelewa na rangi mbili. Ndani ya jino lililokufa hakuna damu ya kuipeleka dawa, na kifuko chenyewe si kijidudu cha kuuawa na kidonge. Ningemeza kopo zima.

Kuhusu matibabu, alisema kifuko kidogo mara nyingine hutulia kwa kusafisha na kuziba mzizi wa jino tu, kisha mtu akafuatiliwa kwa picha. Kilicho kikubwa sana, hasa kwa mtoto ambaye meno yake bado yanaota, hufunguliwa dirisha kinywani, kimiminika kiwe kinatoka, kifuko kisinyae chenyewe kwa miezi. Njia hiyo Mjerumani Carl Partsch aliieleza mwaka 1892 na bado inatumika. Changu kilikuwa cha kati, na jino halikuwa la kuokolewa tena. Liling'olewa, na kifuko kikatolewa chote.

Nilipigwa ganzi, nikawa macho muda wote. Nilikuwa naogopa maumivu, na maumivu hayakuwepo. Kilichokuwepo ni kusukumwa, na sauti ndani ya fuvu ambayo sitaisahau. Alikibandua kifuko kwenye mfupa polepole, kama unavyotenganisha ile ngozi nyeupe ya ndani ya yai bila kuichana. Akanionyesha. Kitu cha ukubwa wa kidole gumba, laini, kimechoka. Kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ili kipelekwe maabara kuangaliwa kwa hadubini.

Hapo kwenye kichupa nataka nikae kidogo. Wapo watakaosema, kimeshatoka, cha nini tena? Lakini vifuko vya taya havifanani. Kuna kinachotokana na jino lililokufa kama changu, ndicho kinachopatikana zaidi. Kuna kinacholizunguka jino lililoshindwa kuota, mara nyingi gego la mwisho. Kuna aina inayopenda kurudi hata ikitolewa vizuri, na mgonjwa wake hufuatiliwa kwa miaka. Na ameloblastoma ya yule mzee, kwenye picha, inaweza kujifanya kifuko cha kawaida kabisa. Macho ya daktari hayatoshi kuvitenganisha. Nilisubiri majibu wiki tatu, na katika wiki hizo nilimfikiria mzee wa Kibirizi kila nilipojiangalia kwenye kioo. Majibu yalikuja: sisti ya jino lililokufa, hakuna kingine. Nilishika ile karatasi nikalia pale kwenye korido, watu wananipisha.

Mdomo ulikaa na ganzi kiasi kwa wiki kadhaa, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikala uji na ndizi za kupondwa. Baada ya miezi sita nilipiga picha nyingine. Duara jeusi lilikuwa limeanza kujaa weupe kutoka pembezoni kwenda katikati. Mfupa wangu ulikuwa unarudi.

Duka nalifungua bado, lakini mambo mawili matatu yamebadilika. Mtu akija na uvimbe wa kinywa simpi kitu kabla sijatazama, namulika kwa tochi ya simu. Nauliza umeanza lini, kuna jino liliwahi kugongwa, kuna jino lililobadilika rangi. Uvimbe wenye maumivu makali, homa, mtu hawezi kufungua kinywa wala kumeza mate, au sakafu ya kinywa imepanda na anahema kwa shida, huyo haendi nyumbani kulala. Anakwenda hospitali usiku huohuo, maana usaha wa meno ukishuka shingoni unaziba pumzi. Mwenye uvimbe usiouma naye anakwenda, asubuhi. Kidonda au uvimbe uliokaa zaidi ya wiki mbili, sina kidonge chake.

Aliletwa kijana wa shule na kilengelenge cha bluu ndani ya mdomo wa chini, kinapasuka na kurudi. Huyo alikuwa na mazoea ya kujiuma mdomo. Mfereji mdogo wa mate ulikatika, mate yakawa yanamwagikia ndani ya nyama. Alikatwa kilengelenge pamoja na kitezi chake, siku hiyohiyo akarudi nyumbani. Binti mwingine alikuwa na puto chini ya ulimi, ulimi umenyanyuka, anaongea kama ana kitu mdomoni. Uvimbe huo wataalamu wanauita ranula, kwa Kilatini chura mdogo, kwa kuwa unafanana na koo la chura likijaa. Nyumbani walishataka kuutoboa. Nikawaambia habari za sindano yangu.

Lakini wanaonikosesha usingizi ni watoto wachanga. Alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi saba, anaharisha siku ya tatu, macho yameingia ndani. Hakutaka dawa. Alitaka kuniachia mzigo wake wa sokoni ampeleke mtoto kwa bibi mmoja anayetoa meno ya nailoni. Alifunua mdomo wa mtoto anionyeshe: fizi, mahali pa chonge, zimevimba na kuwa nyeupe.

Msomaji wa Tanzania anaijua habari hii. Wengine wanayaita meno ya plastiki. Uganda, kwa Wanyankole, wanasema ebiino. Fizi ya mtoto inachokonolewa kwa kitu chenye ncha, na kinachotolewa, kile kijiupande laini cheupe wanachokionyesha kuwa ndiyo nailoni, ni kichipukizi cha jino halisi la mtoto. Vifuko vidogo vyeupe kwenye fizi za mtoto mchanga ni vya kawaida, vinapotea vyenyewe. Na uvimbe mahali pa chonge ni chonge lenyewe linalojijenga chini. Chini yake zaidi kuna mbegu ya chonge la ukubwani, nayo huumia: mtoto akifika miaka kumi na kitu, chonge halioti au linaota limepinda. Hao ni wale wanaonusurika na damu na maambukizi.

Nilimshika mkono. "Mama, mtoto anakufa kwa kukosa maji, hafi kwa fizi." Tukakoroga ORS palepale kwenye benchi, mtoto akanywa kijiko kwa kijiko, nikampa zinki, nikafunga duka tukaenda wote zahanati. Alipona. Mwaka wa pili alinipitia na mtoto akitembea, akamwambia, "Mwonyeshe mama meno." Chonge zote nne.

Siwezi kusema nafanikiwa siku zote. Jirani mmoja, mama mtu mzima, ana jino jeusi na kaakaa lililovimba. Nimemwambia mara tano. Mara ya mwisho alinijibu kuwa siku hizi nafukuza wateja, akaenda kununua rangi mbili duka jingine. Mauzo yangu ya dawa hizo yameshuka kweli, na mwaka wa kwanza nilihangaika kulipa pango.

Wenzangu wa maduka ya dawa muhimu, Gungu, Mwanga, Ujiji, Buzebazeba, nawaomba: uvimbe wa kinywa usitoke dukani kwako na vidonge bila barua ya rufaa. Na wewe mwenye jino lililogongwa zamani, lililogeuka kijivu na halijawahi kukuuma, kalipige picha mwezi huu. Kama uko Gungu na hujui pa kuanzia, pita dukani kabla ya saa mbili asubuhi. Nitakufikisha mpaka dirisha la kadi. Na usiniite dokta.